Sidii ya shilingi elfu mbili: "Tame Yourself" njiani kwenda Msalato

Niliinunua soko la Sabasaba hapa Dodoma, kwenye meza ya kijana anayeuza chaja, redio mbovu na rimoti zisizo na wenyewe. Alikuwa na boksi la sidii zilizokuja na mtumba, nyingi za Krismasi na za kujifunza Kijerumani. Hii iliandikwa *Tame Yourself*. Kiingereza changu ni cha chuo cha mifugo Mpwapwa, kinajua majina ya minyoo kuliko majina ya nyimbo, lakini hilo neno la kwanza nalijua: ni kumzoesha mnyama wa porini akubali mkono wa mtu. Yaani jifuge mwenyewe. Kwa mtu aliyekula mshahara wa mifugo miaka thelathini na moja, Kongwa na vijiji vyake, jina hilo ni kama kukanyagwa mguu sokoni. Lazima ugeuke uone ni nani. Kijana akasema elfu tatu. Tukaishia elfu mbili, kwa sababu kijitabu cha ndani hakikuwepo na uso wa sidii ulikuwa na mchubuko kama wa kucha ya kuku.

Binti yangu alinisaidia kutafuta habari zake kwenye simu. Albamu ilitoka mwaka 1991 chini ya Rhino Records ya Marekani. Ni mkusanyiko wa wasanii mbalimbali, na mapato yake yalikusudiwa kwenda PETA, chama cha kutetea haki za wanyama ambacho Ingrid Newkirk na Alex Pacheco walikianzisha mwaka 1980. Ina dada yake mkubwa, *Animal Liberation* ya mwaka 1987, iliyotolewa na Wax Trax! ya Chicago kwa chama hichohicho. Wimbo wa Nina Hagen na Lene Lovich unaosema wanyama wasiuawe upo kwenye zote mbili. Hiyo ya kwanza sijaiona Dodoma wala sitegemei kuiona.

Kabla sijaendelea niseme ukweli wangu, maana msomaji ataujua tu. Mimi nakula nyama. Nakula mbuzi, nakula ng'ombe, na kuku wa kienyeji akija na ugali wa uwele sitaki simu ipigwe. Kazini nilifundishwa ustawi wa wanyama, na ustawi si haki, ingawa watu wengi wanavichanganya. Ustawi unasema mnyama utamtumia na pengine utamla, lakini akiwa mikononi mwako asife njaa wala kiu, asikose kivuli, asiumwe bila kutibiwa, asiishi kwa hofu, na apewe nafasi ya kuwa mnyama. Waingereza waliupanga huo kuwa uhuru wa aina tano mwaka 1979, na sisi tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ambayo niliwahi kuisoma kwa sauti kwenye mkutano wa kijiji, wazee wawili wakasinzia. Haki za wanyama zinakwenda mbele zaidi: mnyama si wako, basi, usimle, usimvae, usimfungie. PETA wamesimama hapo. Kwa hiyo niliisikiliza sidii hii kama mtu aliyeingia msibani kwa familia asiyoifahamu. Unavua kofia, unakaa, unasikiliza.

Gari langu ni Carina ya zamani yenye deki ya sidii. Jumamosi hiyo nilikuwa naenda mnadani Msalato, na jirani yangu wa mtaa wa Kikuyu, hapahapa Dodoma, akaomba lifti. Yeye ana punda wanne na mkokoteni. Tangu Serikali ihamie huku na kila mtu aanze kujenga, punda wake hawajapumzika: maji ya fundi, mchanga wa fundi, tofali za fundi. Aliniita "daktari" nilipokuwa kazini na ananiita hivyo mpaka leo, ingawa nimestaafu na kipimajoto changu kilivunjika. Nikaweka sidii. Wimbo wa kwanza, wa kundi liitwalo Raw Youth, ndio uliobeba jina la albamu. Magitaa ya umeme, ngoma nzito, vijana wana hasira. Tulikuwa hatujafika Miyuji jirani akauliza kama redio imeharibika.

Nikaruka mbele. Ikaja sauti ya gitaa kavu na wanawake wawili wanaoimba kama wamekaa kwenye benchi moja, mmoja juu, mmoja chini. Hao ni Indigo Girls, na anayeungana nao ni Michael Stipe, mwimbaji wa kundi la R.E.M. Jirani akatulia. Akauliza wanasema nini. Maneno mengi yalinipita, ila jina la wimbo nilikuwa nimelisoma nyuma ya kasha, nikamtafsiria: "Nitakupa ngozi yangu."

"Nani anasema hivyo?"

"Wimbo."

Akacheka kile kicheko cha puani. "Wangu walitoa mbili, daktari. Hawakuimbiwa."

Hapa inabidi nieleze kidogo, hasa kwa wasomaji wa mbali. China kuna dawa iitwayo ejiao. Inatengenezwa kwa kuchemsha ngozi ya punda mpaka itoe utomvu kama gundi, kisha unakaushwa na kuuzwa kama dawa ya damu na ya urembo. Punda wa kwao walipopungua, wanunuzi wakageukia Afrika. Hapa Tanzania vilikuwepo viwanda viwili vya kuchinja punda, kimoja Shinyanga na kimoja hapahapa Dodoma. Bei ya punda ikapanda, na mahali bei inapopanda wezi huamka mapema kuliko mwenye mali. Jirani yangu aliamka asubuhi moja akakuta kamba zimekatwa. Alifuata nyayo hadi kwenye lami, na lami haina nyayo. Punda si ng'ombe, ambaye ukiibiwa unaweza kujipanga upya kwa miaka michache. Punda jike hubeba mimba mwaka mzima au zaidi, anazaa mtoto mmoja, na mtoto huyo hutambebesha mzigo wa maana mpaka miaka mitatu minne ipite. Ukichinja kwa kasi ya kiwanda, hesabu haiwezi kukaa sawa hata ukiwa na shahada. Serikali yetu ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2022, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa wakakubaliana kuuzuia bara zima. Jirani alikuwa hajui hilo la Addis Ababa. Nilipomwambia alinitazama kana kwamba mimi ndiye nilikuwa kwenye mkutano.

Tuliurudia wimbo ule mara tatu. Mara ya tatu mchubuko wa sidii ulituangusha katikati, neno moja likawa linajirudia kama mtu mwenye kigugumizi, mpaka nikapiga deki ngumi. Waliouandika hawakuwa na habari ya punda wa Kikuyu, na mwaka 1991 hiyo biashara ya ngozi haikuwa imefika kwetu. Lakini ni wimbo mzuri kwa sababu hauna haraka na haukunyooshei kidole.

Na hilo ndilo nililokuja kulisema kuhusu albamu nzima. Pale msanii anapowasemea wanyama wote wa dunia kwa mpigo, wimbo unakuwa hotuba, na hotuba mimi nimezitoa nyingi, najua zinavyolaza watu. Pale anapomshika mmoja, au anapoimba tu jambo lake kwa moyo, unasikiliza hata kama hukubaliani naye.

Mfano mzuri ni kundi la The B-52's. Wameweka wimbo wao wa zamani wa mwaka 1980, "Quiche Lorraine", uliorekodiwa jukwaani watu wakipiga kelele. Unahusu kijibwa. Kimepakwa rangi ya kijani iliyokolea, kina urefu wa inchi mbili hivi, kimevaa wigi, miwani ya jua na kofia, na mwisho kinamtoroka mwenye nacho kikimfuata jibwa kubwa. Mwanamume wao anausimulia zaidi ya kuuimba, kama mzee wa mnada anayekusifia mbuzi mgonjwa. Nilicheka mpaka nikapunguza mwendo. Halafu nikakumbuka kuwa hilo jina la mbwa ni la chakula cha Kifaransa cha mayai, na ndani yake kawaida huwekwa nyama ya nguruwe. Kwenye albamu ya kutetea wanyama! Sijui kama waandaaji walilifikiria. Jirani nilipomtafsiria aliganda kwenye jambo moja tu: mbwa ana miwani. "Mimi punda wangu hata jina hana," akasema, na tukanyamaza hadi Msalato, yeye akiwaza jambo lake, mimi langu. Kongwa niliwajua wafugaji wanaomwita kila ng'ombe kwa rangi yake na kwa mama yake, lakini ni kweli, punda mwenye jina sikumbuki. Ng'ombe ni mahari. Punda ni mashine.

k.d. lang naye yumo. Huyu habari yake ilinivutia kuliko wimbo wake, "Damned Old Dog", ambao ni wa mwanzoni mwa kazi yake na unapita bila kuacha alama. Amezaliwa Edmonton, Alberta, Kanada, nchi ya ng'ombe kama Kongwa yetu, akakulia katika mji mdogo uitwao Consort. Mwaka 1990 alifanya tangazo la PETA la kupinga ulaji wa nyama, na vituo vya redio vya sehemu za wafugaji vikaacha kupiga nyimbo zake. Fikiria mtoto wa Kongwa asimame Nyerere Square aseme nyama inanuka. Ujasiri wake naupa heshima, wimbo wake nauruka.

Nyimbo nyingine nazipitia haraka kwa sababu ndivyo nilivyozisikiliza. Jane Wiedlin anaimba kuhusu makoti ya manyoya. Dodoma mwezi wa kumi jua likiwa utosini, hoja hiyo haina wa kumwelekea. Belinda Carlisle, mwenzake wa zamani kwenye kundi la The Go-Go's, ameimba upya wimbo ambao The Carpenters waliutoa mwaka 1971, ule wa kuombea baraka wanyama na watoto. Ni mtamu, umezidi sukari kidogo, mke wangu ndio anaoupenda. Erasure na Lene Lovich wana kinanda cha disko kinachokwenda mbio. Howard Jones yupo. Kuna Aleka's Attic, kundi la yule mwigizaji River Phoenix aliyefariki Oktoba 1993 akiwa kijana wa miaka 23, na ukijua hilo huwezi kuusikiliza wimbo wao kama wimbo tu. Nina Hagen anafunga kazi kwa sauti inayotoka kwenye koromeo kama fisi aliyesomea opera. Wimbo huo una nguvu, ila kichwa chake ni amri, na amri nikiipata kutoka kwa mtu nisiyemjua huwa nataka kuuliza barua ya utambulisho iko wapi.

Ulionishangaza ni wa The Pretenders. Chrissie Hynde, kiongozi wao, ni mtetezi wa wanyama wa siku nyingi na asiyekula nyama, nikategemea mahubiri. Kumbe ameleta rege: "Born for a Purpose", wimbo wa Dr Alimantado wa Jamaika. Huyo bwana aligongwa na basi Kingston mwishoni mwa 1976, nusura afe, na baada ya kuinuka akaimba kwamba kila mtu amezaliwa kwa kusudi lake. Hakuna mnyama hata mmoja ndani ya habari hiyo. Kuna mtu aliyelazwa amevunjika akijiuliza amebakizwa kwa ajili ya nini. Ukiuweka hapa, katikati ya nyimbo za mbwa na ngozi, ghafla unaanza kumsikia mnyama ndiye anayesema. Nilikuwa nimeegesha gari chini ya mgunga, milango wazi, na vijana wawili waliokuwa wanafunga mbuzi kwenye pikipiki wakaanza kutikisa vichwa. Mmoja akauliza kama ni Lucky Dube. Katika albamu nzima, huo ndio wimbo pekee ambao Msalato iliukubali bila tafsiri.

Nikiambiwa nitoe nyota, natoa tatu kati ya tano, na mbili kati ya hizo ni za Indigo Girls na Pretenders.

Halafu tukala. Sitaficha. Msalato bila nyama choma ni kama kwenda feri usione bahari. Mbavu za mbuzi, ndizi, kachumbari, chumvi na pilipili kwenye kona ya sinia. Nilikula, ila nilikula nikiangalia, na niliyoyaona si mageni kwangu, kwa sababu ndiyo niliyokuwa naandikia ripoti. Mbuzi sita wamelazwa kwenye keria ya pikipiki vichwa chini. Dume la ng'ombe limefungwa tangu asubuhi bila ndoo ya maji karibu. Punda mmoja amefungiwa nira ya mti mtupu, bila kitambaa, kidonda begani kikubwa kama kiganja, nzi wamejaa. Jirani yangu akaacha sinia, akaenda kuongea na mwenye punda yule. Walizungumza Kigogo, kwa adabu, salamu zikachukua muda kuliko hoja. Akarudi akasema mwenyewe atatafuta gunia. Sikumbuki wimbo wowote ukiwa unapigwa wakati huo. Gari nilikuwa nimeshazima kulinda betri.

Sasa fedha, maana hii ni albamu ya hisani na hisani bila hesabu ni maneno. Sisi tuliokuwa vijana mwaka 1984 na 1985 tulizoea nyimbo za namna hii wakati wa njaa ya Ethiopia: Band Aid ya Waingereza, kisha USA for Africa ya Wamarekani. Utaratibu unajulikana. Msanii husamehe malipo yake, au sehemu yake, kampuni hurudisha gharama za kutengeneza na kusambaza, kinachobaki kinaenda kwa walengwa. Ni utaratibu mzuri kwa sababu mtu ananunua wimbo aliokuwa aununue vyovyote vile, na sadaka inapita mlemle. Lakini unategemea sidii iwe mpya. Elfu mbili yangu ilikwenda kwa kijana wa Sabasaba, ambaye naamini alinunua vocha. Hakuna mnyama wa Marekani wala wa Chamwino aliyefaidika na ununuzi wangu hata kwa senti. Ukitaka hela yako ifike, mtumba sio njia. Binti yangu ananiambia Moby, mwanamuziki mwingine asiyekula nyama, alitoa albamu mwaka 2020 iitwayo *All Visible Objects* na faida yake yote akaielekeza kwa mashirika ya hisani, ya wanyama yakiwemo. Aliicheza kwenye simu yake nisikie. Ni muziki wa kulalia, na nililala.

Ninachokosa kwenye *Tame Yourself* ni mnyama anayefanya kazi. Kuna mbwa, kuna manyoya, kuna anayeliwa. Anayebeba hayupo. Kwa watu wa mijini kwao hilo linaeleweka, mzigo wao unabebwa na lori. Kwetu dumu la lita 20 ni kilo 20, punda anapewa manne, ni kilo 80, na punda wetu wengi hawavuki kilo 150. Anapanda nao kutoka bombani mpaka kwenye nyumba isiyo na paa, mara nane kwa siku, na dawa ya minyoo anaiona mwenye bahati. Hizo ndizo nyimbo ambazo hazijarekodiwa. Na wa kuzirekodi wapo. Hukwe Zawose, Mgogo wetu aliyefariki mwaka 2003, alichukua zeze na ilimba, ile ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, mpaka kwenye studio za Real World za Peter Gabriel kule Uingereza, na watu wasiojua neno la Kigogo walikaa kimya kumsikiliza. Chamwino leo ukienda siku ya ngoma, kina mama wanapiga ngoma ya muheme mpaka vumbi linasahau kushuka. Nawawazia waimbe punda mmoja, mwenye jina, na kila nakala ikiuzwa inunue godoro kuukuu la kukata vipande vya kuweka chini ya nira. Godoro moja linatosha punda wengi, nimewahi kulikata mwenyewe.

Nilimwambia jirani hayo tukirudi. Akasema kuimba wataimba, tatizo ni nani atawalipia studio. Tukazungumza bei za studio hadi Mailimbili, tukashindwana.

Kwa anayeitaka sidii hii kwa kuazima, ipo, lakini aje na gari lenye deki nzima. Ya kwangu imeimeza tangu Jumatatu, inacheza wimbo wa manyoya tu, na fundi anasema kuitoa ni elfu kumi na tano.